Mteja Mmoja wa Éphraïm

Radhia hakujua kuzungusha maneno. Alikuwa na diploma ya ualimu, watoto wanne, na ulimi ambao watu wa Rumonge, mji wa kando ya ziwa, waliusikia kabla hawajamwona mwenyewe. Ndiyo maana familia ya Yazid ilipoleta posa ya binti yake Nour, hakuthubutu kuandika jibu kwa mkono wake. Alijijua. Angeanza na bismillahi, na akifika mstari wa tatu angekuwa ameshawatukana wakwe.

Akaenda kwa Éphraïm, mwenye chumba cha fotokopi karibu na soko, ambaye siku hizi aliwaandikia watu barua kwa akili bandia. Akaketi, akaimwagia mashine moyo wake wote: Yazid ni kijana mzuri, anaswali, anafanya kazi, na Nour anampenda mpaka anaunguza wali. Ila mama yake, Biasha, ni bahili. Pilau aliyowaalika siku ya Maulidi, nyama ilitafutwa kwa tochi. "Sasa niandikie jibu la heshima," alimaliza.

Kesho yake akarudi kuchukua barua. Alikuta wateja watatu, mmoja wao Meshaki, mvuvi wa Gitaza, aliyesimama ingawa kiti kilikuwa wazi. Éphraïm akabonyeza, barua ikatokea kwenye skrini, na Radhia akaisoma kwa sauti ya darasani.

"'Kwa heshima na taadhima, tumeipokea posa yenu kwa furaha. Tunaomba harusi isiwe mwezi huu, kwa kuwa bawasiri yangu bado inanisumbua na siwezi kukaa mtumbwini muda mrefu.'" Akainua macho. "Éphraïm. Nani ana bawasiri?"

Meshaki akageuka kutazama ziwa, ingawa mbele yake palikuwa na ukuta.

"Mama Nour, iko kosa dogo tu…"

"Mimi nina mtumbwi?"

Éphraïm akajikuna shingo. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba alikuwa na akaunti moja tu. Wateja wote waliingia humo, na mashine ilihifadhi kila ilichoambiwa ili imsaidie vizuri zaidi mtu anayeongea nayo. "Yenyewe inadhani sisi sote ni mtu mmoja."

"Rumonge nzima ni mtu mmoja?"

"Na inamhurumia sana."

"Éphraïm!"

"Nilifikiri ni kama mashine ya kupiga chapa, mama."

"Mashine ya kupiga chapa haikuulizi habari za makalio. Iulize inajua nini juu ya huyo mtu mmoja."

Akatanua mtandio wake kuficha skrini. Shingo zilizokuwa zimerefuka nyuma yake zikarudi mahali pake. Orodha ikateremka. Mtumiaji anaishi Rumonge. Ana miaka hamsini na miwili, na pia ishirini. Anavua ndagala na ni mjamzito. Anapaka ndevu rangi na mkewe hajui. Anaamini Biasha, mama yake Yazid, ni bahili, na pilau yake haina nyama.

Radhia akamgeukia Éphraïm. "Biasha amewahi kuja hapa?"

"Juzi. Na leo anarudi, kuna barua nitamsomea."

Basi ilibaki hivyo tu: Éphraïm afungue mdomo, asome neno la pilau ndani ya barua hiyo mbele ya watu, na Nour akose mume. Radhia akaendelea kusoma mpaka akafika chini kabisa. Mtumiaji hajui kusoma. Mwanawe Yazid anaoa. Anaogopa kwamba mama wa bibi harusi, mwanamke msomi, atamkabidhi barua ya jibu mbele ya watu, naye ataishika bila kujua kama ameishika juu chini.

Akaisoma mara mbili.

"Futa," akasema.

"Ipi?"

"Yote. Na kuanzia leo kila mtu na mazungumzo yake, yasiyohifadhiwa, bila majina, bila magonjwa. Watu wamekuletea barua, hawakukuletea matumbo yao."

Éphraïm akabonyeza. Kwenye skrini kiduara kikaanza kuzunguka, kwa mwendo wa mtandao wa Rumonge. Kilikuwa bado kinazunguka Biasha alipoingia.

"Amahoro, mama Nour." Akakaa kwenye kile kiti.

Radhia akatazama kiduara, akamtazama Éphraïm, akawatazama wateja watatu. Mji huu hauna siri, una watu ambao bado hawajaambiwa. Afadhali mtu aambiwe na mwenye kosa.

"Biasha, nilisema wewe ni bahili. Niliiambia mashine hii. Nakwambia mwenyewe kabla hujaletewa."

Wateja wakasogea karibu.

"Ni ile pilau?" akauliza Biasha.

"Ni ile pilau."

"Nilijua. Uso wako ulisema siku ile ile, sahani ikiwa bado mkononi." Biasha akavuta pumzi. "Nyama ilikuwepo. Mashemeji zangu ndio waliotangulia kupakua."

"Si ungesema!"

"Ningesemaje, na wewe unaongea?"

Meshaki akacheka, kisha akajuta.

Biasha hakucheka. Alikuwa ameshika pindo la kitenge chake kwa vidole vyote. "Na juu yangu? Hiyo mashine imesema nini?"

Éphraïm akapata shughuli ya ghafla kwenye mashine ya fotokopi, ambayo haikuwa na karatasi. Radhia, ambaye maishani mwake hakuwahi kuacha swali bila jibu, akageukia skrini. Kiduara kilikuwa kimeondoka. Palikuwa peupe.

"Hakuna kitu," akasema. "Imefutika."

"Na barua ya jibu? Nimesikia unaandika barua."

"Barua ya nini? Njooni Jumapili. Nitawaambia kwa mdomo, mbele ya watu wote, kwamba tumekubali."

Biasha akaliachia pindo la kitenge. "Kwa mdomo huo huo?"

"Ninao mmoja."

"Basi sema neno hilo moja," akasema Biasha, "halafu kaa chini ule."