Inchi Moja Kila Upande

Tangu Jumatatu Fundi Pindo hakukaa kitako. Akiketi, mara ameinuka. Akiinuka, anazunguka vyumba vyake akipapasa madirisha kama mganga anayetafuta panapouma. La ukumbini lilikuwa limeliwa na mchwa likabaki rangi tu. La chumbani alilifunga kwa kamba. La jikoni lilikuwa halifunguki wala halifungiki, limekwama katikati kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Msimu uliopita mvua iliingia kwa dirisha la chumbani ikamlowesha kitandani, akaugua kifua. Binti yake mkubwa, muuguzi, mtu ambaye hata akikupa mkono unahisi anahesabu mapigo yako, alimchukua kwake wiki sita. Huko alitunzwa mpaka akajiona yai. Kikombe kilipokonywa mkononi kabla hajakiinua kukipeleka jikoni. Wajukuu waliambiwa wasimsumbue, nao kwa bahati mbaya wakatii. Alirudi nyumbani kwake, kwenye cherehani yake na majirani wake wa kupunguziwa suruali, kama aliyetoka kifungoni.

Sasa mvua zilikuwa zinanukia tena, na Jumatatu binti alikuwa amesema lake. Jumamosi atakuja kuangalia. Akikuta madirisha ya maana, sawa. Asipoyakuta, baba anahamia kwake, na safari hii si kwa wiki sita. Hayo Pindo angeyameza. Lililomkaa kooni ni lile alilomalizia akiwa mlangoni: "Si mvua tu, Baba. Siku hizi unasahausahau. Naogopa kukuacha peke yako."

Basi akatoka kutafuta madirisha, tena ya bei ya mtu aliyestaafu. Seremala alimwonyesha mbao nzuri kweli, akataja bei. Pindo akadhani hakusikia, akauliza tena, na seremala akairudia bila haya. Kwa wachomeleaji chuma kilikuwa rahisi, ila alipokwaruza rangi kwa ukucha alikuta kutu imeshatangulia, na dirisha lenyewe halijauzwa. Kwenye yadi ya vitu vya majumba yaliyobomolewa yalikuwepo ya ofisi, makubwa kama milango, na ya chooni, madogo kama vitabu. Dukani kwenye vioo vinavyong'aa, msichana mwenye kikokotoo alimsifia kioo cha tabaka mbili kinachozuia kelele za mtaani. Pindo akamwambia kelele hizo ndizo zinazomletea wateja, akaaga.

Siku ya tatu, miguu ikimwaka, akaangukia karakana ya fundi wa aluminiamu anayeitwa Milimita. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hawezi hata kunywa chai kabla hajanyoosha kisahani. Milimita alikuwa na mabaki ya jengo kubwa lililokwisha: vipande vya fremu, vioo vizima, vyote kwa nusu ya bei. Moyo wa Pindo ukatulia kidogo. Amelea watoto wanne kwa mabaki ya vitambaa, mabaki anayajua.

Milimita alimwonya kwamba mabaki hayana mengine ya kubadilishia, akishakata amekata, kwa hiyo lazima aje kupima mwenyewe. Pindo alijihisi ametukanwa.

"Kijana, mimi nimepima watu miaka arobaini," alisema. "Watu wanapumua, wanajikuna, wakiona futi wanavuta tumbo ndani. Ukuta umesimama tuli, ndio unishinde?"

Akarudi nyumbani, akavaa miwani, akapima kila dirisha mara tatu kwa futi yake ya kushonea. Akaandika kwa mwandiko wa kutulia, akapeleka karatasi. Milimita akaikubali shingo upande, kwa heshima ya umri.

Ijumaa asubuhi fremu zikaja juu ya mkokoteni, zinameremeta. Yale ya zamani yaling'olewa kwanza. La ukumbini halikung'oka, lilimwagika. Mwanga ukajaa nyumba nzima. Pindo akasimama katikati akizungusha kofia yake mikononi, akijiona tayari kesho anampitisha binti chumba hadi chumba.

Milimita akainua fremu ya kwanza, akaipeleka kwenye tundu. Ikagoma. Akaigeuza, ikagoma. Akachukua ya chumbani, kisha ya jikoni. Zote zilikataa kuingia, kama mtu mnene kwenye mlango wa basi. Akatoa tepu yake ya chuma, akapima tundu, akapima fremu, akaifungua ile karatasi.

"Mzee, hapa umeandika arobaini na nane."

"Ndiyo."

"Tundu ni arobaini na sita."

"Najua. Nimeongeza akiba."

"Akiba ya nini, mzee wangu?"

"Ya mshono," Pindo alisema, na neno lilipokuwa linatoka akalisikia kwa masikio ya mwenzake. "Inchi moja kila upande."

Milimita hakucheka, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alieleza taratibu kwamba dirisha hukatwa dogo kidogo kuliko tundu, ili lipate nafasi ya kupumua na kupakwa gundi ya silikoni pembeni. Fundi Pindo akatafuta kiti, akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Upepo ulipita katika nyumba kama njia yake. Huko juu mawingu yalikuwa yanasogeleana. Milimita, aliyekwisha kusimuliwa habari za binti, akamwambia kwa huruma kuna njia rahisi: binti akija aambiwe kosa ni la fundi. Yeye ameshazoea kulaumiwa, halimpunguzii kitu. Pindo akashukuru, akainuka, akaanza tena kuzunguka. Aliujaribu uongo ule kimya kimya, akaukuta unamkaa vizuri, mabegani na kiunoni. Na kadiri ulivyomkaa vizuri ndivyo alivyozidi kuwashwa nao.

Binti hakungoja Jumamosi. Alipitia akitoka zamu, bado kavaa viatu vyeupe, akasimama mbele ya matundu matatu na fremu tatu zilizoegemezwa ukutani.

"Shikamoo, Baba. Nini kimetokea hapa?"

Milimita akafungua mdomo. Pindo akamtangulia.

"Marahaba, mama. Nimekosea vipimo. Mimi, si yeye. Na sikusahau kitu. Nilikumbuka kupita kiasi."

Akamweleza yote, pamoja na ule mshono. Binti alimtazama kwa lile jicho la wodini, na Pindo akajikaza kama anayesubiri sindano. Kisha midomo ya binti ikaanza kutetemeka. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Baba, mimi nimevaa sare zako za kukulia mpaka darasa la saba. Sketi moja miaka minne. Lakini ukuta haukui."

"Ulikuwa unakua haraka," Pindo alijitetea.

Milimita akapata nguvu ya kusema. Afadhali zimezidi, alisema. Zingepungua angekuwa hana la kufanya. Hizi atazirudisha karakana, akate fremu, akate na vioo. Jumatatu jioni zitakuwa ukutani. Kwa sasa atagongomea mbao kwenye matundu, ila mvua ikija na upepo, hapalaliki.

Kicheko kikakatika. Neno halikutamkwa, lakini wote watatu walijua ni lipi. Pindo akalitamka mwenyewe.

"Nitakuja kwako. Siku tatu. Jumatatu anapachika, Jumatatu nalala hapa."

"Na asipopachika?"

"Napachika," alisema Milimita.

Binti alifuta macho, akamtazama baba yake, safari hii si kama mgonjwa. Akasema Jumatatu akitoka zamu atamrudisha yeye mwenyewe, na karatasi ya vipimo siku nyingine waisome wawili.

Pindo akaingia chumbani kufunga mizigo. Alisikika akifungua sanduku, akalifunga, akalifungua tena. Alipotoka ameshika mfuko mwepesi, na ndani yake shati moja. Binti akauchungulia.

"Moja tu, Baba?"

"Nitalifua."

Binti akaupokea, akautia begani kama ulivyo, wakatoka.