Dume wa Mtaroni

Naapa kwa jino langu la dhahabu, habari hii ni kweli tupu tangu mwanzo hadi nukta ya mwisho. Atakayenikamata na uongo hata mmoja nitamlisha durian, lile tunda la miiba linalonuka, mpaka aombe poo.

Basi kwenye mto wetu huu wa vimulimuli ninaye jirani, Wak Tugiman, yaani Mzee Tugiman, mpiga makasia mstaafu. Kasoro yake ni moja tu: hawezi kusimulia jambo dogo likabaki dogo. Asubuhi moja alimpelekea Dokta Hanisah kichupa chenye kimulimuli dume.

Dokta alikuwa amepanga chumba juu ya mkahawa wa Meng, na kazi yake ilikuwa kuwapanga mbawakawa kwa koo zao, nani ndugu wa nani na nani mgeni. Kimulimuli naye ni mbawakawa, ingawa Wak alimbishia wiki nzima. Dokta akamlaza mdudu chini ya hadubini, akamchungulia mpaka chai ikapoa.

"Wak," alisema mwishowe, "madume wote wa mto huu ncha za mabawa yao zimekunjika. Za huyu zimenyooka. Na utupu wake haufanani na wa yeyote niliyewahi kumpima."

"Astaghfirullah, Dokta! Ndiko mnakotazama?"

"Ndiko wasikodanganya. Umemtoa wapi?"

Hapo ulimi ukamtangulia Wak. Angesema nini, mtaroni nyuma ya jiko?

"Kwenye kona ya mto, mkoko wa tatu. Nimepiga kasia huku Babu kanifuata nyuma, mkubwa kama lori!" Babu ni yule mwenye meno na magamba, mtoni hatumtaji kwa jina.

Dokta akayaandika yote, isipokuwa Babu, kwenye kikaratasi kidogo kama ukucha: mahali, tarehe, jina la Wak. Akakichoma kwenye pini chini ya mdudu.

Jioni saba mfululizo, baada ya magharibi, Wak mwenyewe alimpeleka Dokta konani kutafuta wenzake yule mdudu. Mikoko ilimeta na kuzima kwa pamoja, maelfu kwa maelfu, na kila dume aliyenaswa alikuwa na ncha zilizokunjika.

"Wamehama," Wak alisema. "Si unawajua wadudu."

Asubuhi ya nane alimkuta Dokta anamchomoa yule mdudu kisandukuni. Kibali chake cha utafiti kilikuwa kinaisha Ijumaa.

"Mbona unamng'oa?"

"Mmoja asiye na kwao si spishi, Wak. Ni uvumi. Wenzangu watataka kuona wengine, nami sina." Akavua miwani, akafikicha macho. "Pengine nilimsoma vibaya. Miaka kumi na moja hadubinini, macho nayo yanachoka."

Wak alirudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi ya jiko. Uongo wake miaka yote ulikuwa wa kuchekwa. Watu walimaliza kahawa, wakaenda zao, naye akasahau. Huu mmoja uliandikwa kwa wino. Mtu akaufuata mtoni jioni saba, asipoona kitu akayalaumu macho yake mwenyewe. Wak hakuwa amewahi kuaminiwa kiasi hicho, na hakupenda ladha yake.

Tatizo, kusema kweli kungeangusha uongo mwingine. Akaenda hivyo hivyo.

"Dokta, macho yako mazima. Kibovu ni ulimi wangu."

Jioni ile akamleta nyuma ya jiko. Mkewe Saodah akatoka na upawa mkononi.

"Mtaro upi huo? Si uliniambia umeufyeka na kumwaga chokaa tangu kabla ya Idi?"

"Niliufyeka, Saodah. Kwa nia."

"Kwa nia! Wee mzee wee!"

Dokta hakuwasikia. Alikuwa keshakunja saruni, yumo matopeni hadi magotini, kati ya majani na konokono. Vimulimuli tisa wakawaka polepole, kila mmoja kwa wakati wake. Akawatazama kwa lenzi ya mkononi, mmoja mmoja. Ncha zote zimenyooka.

"Watoto wao hula konokono hawa," alisema. "Ungemwaga chokaa, Wak, wangekwisha wote."

"Usimshukuru, mwanangu," Saodah alisema. "Huo ni uvivu, si elimu."

Dokta akaandika kikaratasi kipya: Mtaro nyuma ya jiko la Saodah, karibu na banda la bata.

"Huwezi kuweka 'karibu na kona ya mto'?" Wak alinong'ona.

"Siwezi."

Karatasi hizi za habari yangu nimempa Meng azisome kabla yenu. Kazimaliza, kavua miwani.

"Hakuna Wak Tugiman kijiji hiki," kasema. "Na mwenye jino la dhahabu na mtaro wa bata namjua mmoja tu."

Saodah, aliyekuja kununua sukari, akaongeza kuwa vimulimuli walikuwa sita, si tisa.

Basi nipo hapa barazani, vidole vimechomwa na miiba, namenya durian. Meng yuko kwenye la nne, na poo haombi.