Barua Aliyoisoma Kiroboto

Nyumbani kwetu barua zote anasoma Kiroboto, na Kiroboto ana miaka tisa. Mimi ndiye niliyemaliza shule, cheti ninacho, ila huku ugenini cheti chenyewe labda ukifungie karanga. Kazi yangu ni kulisha mashuka ya hospitali kwenye mashine za kufulia, na mashine haipigi stori na mtu, kwa hiyo lugha yao imenipiga chenga. Mama anasafisha ofisi wenyewe wakiwa hawajafika. Aliyetupwa katikati yao ni Kiroboto peke yake, huko darasani.

Usidhani ilikuwa mteremko. Miezi miwili alikaa nyuma kabisa, karibu na misumari ya kutundikia makoti, mdomo kaufunga. Wenzake wakiziba pua akipita. Akaanza kukojoa kitandani, na alishaacha zamani. Halafu sijui ilikuwaje, lugha ikamfungukia, na mama akampa cheo: barua ikifika anakalishwa kwenye kiti chenye mto, sisi kimya, yeye anasoma na kutueleza.

Sasa ofisi ya vibali vya kuishi ikataka kuhakikisha kama Kiroboto ni mtoto wa mama. Wakawasugua wote wawili mdomoni kwa kijiti cha pamba, wakapime vinasaba. Na mimi ukweli naujua. Kiroboto alizaliwa na mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye alifariki siku hiyo hiyo ya uzazi. Mama alimchukua ana siku tisa. Kwetu hakuna aliyewahi kuuliza, na Kiroboto mwenyewe hakuambiwa, ingekuwa kama kumtenga. Fomu iliuliza watoto wangapi, mama akajibu wawili.

"Mama, wakigundua je?"

"Wagundue nini? Mimi na marehemu tumetoka tumbo moja. Damu si ile ile? Hebu niondolee nuksi."

Barua ikaja. Kiroboto akakaa kwenye kiti chake, akasoma kimoyomoyo, akakunja uso kidogo.

"Wanasema ni sawa. Tusubiri tu."

Mama akapiga kigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Na mimi nikacheka kama zuzu.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, nabadilisha shuka la Kiroboto, naikuta ile barua chini ya godoro. Lugha siijui, lakini tarakimu nazijua. Kumi na nne, imekolezwa wino.

"Kiroboto! Hii inasemaje?"

"Upuuzi tu, kaka."

"Isome."

Akavuta pumzi. "Inasema mama siyo mama yangu. Eti tukikataa tujibu ndani ya siku kumi na nne. Sasa si wamekosea? Ningemsomea mama angelia bure, kwa uongo wa watu."

Alisema hivyo bila wasiwasi wowote. Nikakaa kwenye godoro lenye majimaji, nikamwambia. Siku tisa, mama mdogo, yote. Hakulia.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe ni wa mama?"

Nikasema ndiyo. Akachukua lile shuka chafu, akaenda kuliloweka mwenyewe.

Jumatatu tulikuwa pale ofisini hata mlango haujafunguliwa. Nilipomweleza mama, hakumgombeza hata neno moja, alimshika mkono tu, njia nzima. Karani alikuwa kijana kama mimi, anapiga chafya. Kidevu cha Kiroboto kilikuwa kinafika ukingoni mwa kaunta.

"Mwambie nilikuchukua una siku tisa," mama akasema. "Mwambie hujawahi kulala nyumba nisiyolala mimi. Mwambie sikudanganya mtu."

Kiroboto akageuka, akayasema yote kwa lugha yao. Karani akauliza kitu.

"Anauliza kwa nini hatukujibu barua."

"Mwambie ukweli."

"Nimeshamwambia. Nimemwambia ni mimi."

Karani akapiga simu, akaongea kwa sauti ya chini, akarudi na maneno marefu.

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Siku ziliisha Ijumaa. Anasema tunaweza kuomba upya, ila itachukua miezi."

"Tutaomba. Hata sasa hivi. Kalamu iko wapi?"

"Anasema tukae pale. Kuna mwanamke anakuja."

"Kuja kufanya nini?"

Kiroboto akaanza sentensi, akaiacha, akaanza nyingine. "Kunichukua. Mpaka wajue mimi ni wa nani."

"Mwambie hapana."

"Nimemwambia, mama."

"Mwambie tena!"

Akamwambia tena. Karani akatikisa kichwa, akapenga kamasi, akaita watu wa nyuma yetu. Mama hakusogea. Watu wakapita pembeni yake. Nami nilisimama pale, na mikono yangu mirefu isiyo na kazi.

Mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka mwanamke mwenye faili na tabasamu. Akachuchumaa mbele ya Kiroboto, akamwita kwa jina lake lote, lile la kwenye fomu. Na Kiroboto, mtoto aliyefunzwa adabu, akaitika.