Vipimo vya Chifu Asukulu

Siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, fundi Firmin Asukulu alikuwa akichomoa sindano iliyovunjikia ndani ya cherehani, katika chumba cha mbele cha nyumba anayopanga mtaa wa La Rochelle, kusini mwa Pretoria, baba yake alipoingia kuchukua nguo. Mzee huyo alikuwa amefariki mwaka 1998 na kuzikwa Baraka, ng'ambo ya ziwa kutoka Kigoma, na Firmin mwenyewe alishika kamba ya jeneza upande wa miguu. Mzee alifuta viatu kwenye gunia la mlangoni, akauliza kama imekwisha.

"Bado vifungo, Papa," Firmin akasema. "Keti."

Mzee akaketi kwenye kiti cha wateja, akachukua gazeti la juzi.

Kosa lilikuwa la Firmin, na fundi mbabaishaji asingelifanya kamwe. Wiki mbili nyuma binti yake, Murielle, aliyekuwa mwaka wa pili wa uuguzi katika chuo kimoja cha kulipia huko Midrand, alikuja na oda. Timu ya raga ya chuo inaitwa Machifu, na ina mdoli wake, lile vazi kubwa ambalo mtu huingia ndani na kurukaruka mbele ya mashabiki. La zamani lilikuwa limeliwa na panya. Chuo kilitaka jipya: kichwa cha sponji, midomo minene kama mito ya kulalia, mfupa puani, ngozi ya chui begani, na njuga miguuni. Bibi Lerato wa ofisi ya michezo alimpigia Firmin simu mwenyewe, kwa adabu zote.

"Vipimo vya nani?" Firmin aliuliza.

"Si vya mtu yeyote, Papa Firmin. Ni Chifu tu. Ushone kubwa."

Sasa hapo ndipo ilipoharibika. Firmin alifundishwa kazi Baraka na fundi mkali wa misheni, na kwa miaka thelathini hajawahi kuingiza mkasi kwenye kitambaa kabla ya kuandika daftarini jina la mwenye nguo, na chini ya jina mabega, kifua, kiuno, mkono na urefu. Nguo ya mtu ambaye hayupo haijui pa kuanzia. Alikaa na penseli asubuhi nzima. Mwishowe akaandika "Chifu," na namba zikaja zenyewe mkononi, kwa sababu chifu aliyewahi kumpima maishani ni mmoja tu. Alikuwa baba yake, chifu wa vijiji vinne juu ya Baraka, ambaye Firmin alijifunzia kutumia futi ya kupimia mwilini mwake akiwa na miaka kumi na mitano.

Kwa hiyo mwenye vipimo alikuja. Wala hakuna la ajabu hapo, mtu akishonewa nguo huja kuichukua.

Vifungo vilipokwisha, mzee alilivaa vazi lote na kusimama mbele ya kioo. Mabega yalikaa barabara. Akakishika kichwa cha sponji kwa mikono miwili, akakitazama kwa muda.

"Huyu ni nani?"

"Ni chifu, Papa."

"Na huu mfupa?"

"Njo vile walitaka."

"Mimi nilikuwa na miwani," mzee akasema.

Firmin alisikia aibu, na ndani ya aibu hiyo mlikuwa na hasira, maana aliona wazi kwamba siku kumi na mbili alikuwa ameinama akishona dhihaka ya baba yake mwenyewe, tena kwa mshono wa mara mbili ili isichanike.

Murielle aliporudi kesho yake alimkuta babu yake sebuleni akimenya chungwa. Alikuwa akimjua kwa picha ya ukutani. Akampigia goti na kumshika mkono, kisha akasema lile ambalo hakuwa amemwambia baba yake. Mtu wa kuingia ndani ya mdoli ni yeye, na hata lile la zamani alilivaa yeye. Wanafunzi wanaosoma bila karo hutakiwa kukitumikia chuo saa kadhaa kila wiki. Mwenzake mmoja alipangiwa maktaba, mwingine jikoni, yeye akapangiwa Chifu. Alisema haya yote kwa Kiingereza, kama alivyozoea tangu shule ya msingi, na Firmin akamtafsiria mzee.

"Irudishe hiyo kazi," Firmin akasema.

"Nikiirudisha, Papa, Ijumaa niko nje ya chuo."

"Basi uwe nje."

"Umeshona usiku na mchana miaka mitano nifike pale, leo unasema niwe nje?" Murielle alikuwa analia sasa, bila kelele. "Unadhani nafurahia? Kila Jumamosi nimvae babu wa watu nikatike viuno?"

Maji yalikuwa yamemfika Firmin shingoni. Mzee alimaliza chungwa lake, akafuta vidole.

"Vipimo ni vyangu," akasema. "Nguo ni yangu. Nitakwenda mwenyewe."

Jumamosi Firmin aliwapeleka Midrand kwa gari lake. Getini mlinzi alikuwa Pitchou, kijana wa Lubumbashi, ambaye aliuliza jina na kitambulisho. Mzee alisema kitambulisho chake kilikuwa cha Zaire na alizikwa nacho. Pitchou akaandika kitabuni "Asukulu, Chifu," na mahali pa sababu ya kuja akaandika "kazini." Kisha akavua kofia, akafungua geti.

Mzee hakucheza. Aliketi kwenye benchi kando ya uwanja akiwa amevaa ngozi ya chui na njuga, kichwa cha sponji amekiweka pembeni yake, miwani puani. Timu ilipoingia, mashabiki waliweka viganja mdomoni na kupiga ule ukelele wao wa hu hu hu, kama kawaida yao kila Jumamosi. Mzee alidhani wanamsalimia, akainua mkono. Walipoendelea aliushusha, na Murielle aliona kwamba ameelewa. Moyo ulimuuma kuliko siku zote alizowahi kuuvaa ule uchafu wa zamani wenye panya.

Mapumziko yalipofika wachezaji wawili waliokuwa hawasemeshani tangu mwezi wa tatu walikuja kwenye benchi, kila mmoja akaeleza upande wake. Mzee aliwasikiliza, Murielle akitafsiri, akawaamua, wakapeana mikono. Timu ilifungwa hata hivyo.

Bibi Lerato alikuja na juisi ya mzee na malalamiko. Si mtu mbaya Lerato, na mimi simsingizii.

"Eish, Murielle, hachezi. Mashabiki wanauliza."

"Ni babu yangu."

"Najua, dada, nimeona kitabu cha getini. Lakini hii ni heshima. Kwetu machifu wanaheshimiwa. Mjomba wangu ni induna wa chifu, yeye ndiye anayegawa viwanja kijijini kwetu."

"Mjomba wako ana mfupa puani?"

Lerato alifikiri. "Hapana. Ana shahada ya sheria." Akamtazama mzee, akamsogezea juisi, akaondoka polepole kuliko alivyokuja.

Wakati huo, mwaka 2017, wanafunzi walikuwa wamezoea kuandika barua, na kundi moja likaandika kwamba mdoli ni tusi. Kundi jingine likaandika kwamba ni mila ya chuo na wanaolalamika watafute kazi. Chuo kikaunda kamati. Ilikutana Alhamisi saa tisa alasiri, watu saba na sahani ya sambusa, chini ya mkuu wa mambo ya wanafunzi, Bwana Steve. Kwa kuwa mhusika alikuwepo, walimwita mzee.

"Tunataka kujua jambo moja," Bwana Steve akasema. "Je, huyu mdoli anakukera?"

Mkalimani wa chuo alijua Kifaransa tu, hivyo Murielle ndiye aliyetafsiri, kwa Kiswahili chenye kutu ambacho kilikuwa kikianza kumlegea mdomoni. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ngozi ya chui.

"Mwambie hivi. Niliamua kesi za batu miaka thelathini na moja. Mashamba, ndoa, ng'ombe. Mutu aliyeibiwa ng'ombe sikumuuliza hata siku moja kama amekereka. Nilimuuliza mwizi, ng'ombe iko wapi."

Murielle alitafsiri neno kwa neno. Mwalimu mmoja aliyekuwa akitafuna sambusa akaacha kutafuna. Bwana Steve alimshukuru mzee na kumwambia katibu aandike. Katibu aliandika kwamba Chifu alipoulizwa hakusema amekerwa.

Uamuzi ulibandikwa Jumatatu. Jina Machifu litabaki. Mdoli atabaki. Duka la chuo litauza fulana mpya zenye kichwa na mfupa. Kwa kuwa mdoli wa sasa haelewi Kiingereza, atahitaji mkalimani kila mechi, na saa za mwanafunzi Murielle Asukulu zitahesabiwa kwa kazi hiyo mpaka amalize masomo. Mzee alitengenezewa kadi ya kuingilia. Kwenye picha kilitokea kiti kitupu, wakaitia plastiki hivyohivyo, na mashine ya getini huikubali bila shida.

Firmin alipousoma uamuzi alicheka kicheko kibaya, kisha akatoka nje akapiga teke ndoo. Lakini jioni alimsikia binti yake jikoni akibishana na babu yake juu ya chumvi ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kwa Kiswahili, akikosea huku akiendelea, naye Firmin akasimama pale ukumbini mpaka ubishi ukaisha. Alikuwa na furaha, na hakuionea haya. Mtoto atamaliza. Atavaa sare ya uuguzi iliyoandikwa jina lake, na hatamvaa mtu.

Mwezi wa tisa walicheza na chuo kimoja cha Pretoria. Hao nao wana mdoli wao, mtu mdogo wa jangwani mwenye upinde wa plastiki na makalio ya sponji makubwa kama matairi. Alirukaruka mbele ya watu kipindi kizima, akaanguka mara mbili kama alivyoelekezwa. Mapumziko alivuka uwanja peke yake, akasimama mbele ya benchi, akavua kichwa. Ndani yake alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, jasho likimtiririka.

"Muulize ni mutoto wa nani," mzee akasema.

Murielle alimuuliza. Kijana alisema anaitwa Damien, kwao ni karibu na Upington, ukingoni mwa jangwa, na bibi yake aliyemlea ni wa watu haohao wa upinde. Anasoma uhasibu. Kazi hii alipangiwa, ili asilipe karo.

Nyuma yao mashabiki walianza hu hu hu, na safari hii ilitoka pande zote mbili za uwanja. Damien aliinamisha uso. Murielle alikiondoa kile kichwa chenye mfupa kwenye benchi, akakiweka chini kwenye nyasi, akasogea.

"Keti na sisi," akamwambia.

Damien akaketi. Alinyoosha miguu, akashusha pumzi, kisha akageuka kutazama upande wa maegesho ya magari.

"Bibi yangu yuko njiani," akasema. "Alifariki mwezi wa nne. Anatembea polepole."

Murielle akasogea tena.