Mtetemo wa Kiti cha Nyuma

Bakuli la maji lilikuwa juu ya tangi la mafuta la pikipiki, na mafundi wawili walikuwa wamelikodolea macho. Mmoja alikuwa fundi saa, mwenye pikipiki. Mwingine alikuwa mwenye gereji, mwanamke mpana wa mabega ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, na ambaye hakuwahi kushika pikipiki yoyote yenye mtetemo kabla ya kuiwekea bakuli. Maji yakichora duara, kosa ni la injini. Yakiruka upande mmoja, kosa ni la gurudumu. Haya ya leo yalishtuka, yakatulia, yakashtuka tena.

"Imeanza lini?" Spana aliuliza.

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Ukakaa nayo tu, fundi?"

"Nilidhani nitazoea."

Fundi saa alikuwa ameficha mikono mifukoni mwa koti lake zito la ngozi, kwa sababu mikono ndiyo iliyomleta. Ilikuwa imekufa ganzi kuanzia vidoleni hadi viwikoni. Asubuhi ile aliangusha skrubu ya saa ya mteja, ndogo kama punje ya chumvi, na hakujua kwamba imemtoka mpaka alipoiona sakafuni. Wateja walikuwa bado hawajagundua. Lakini fundi saa asiyesikia kitu vidoleni hana kazi, na kazi nyingine hakuijua.

Spana aliipandisha pikipiki kwenye stendi, akaanza na yaliyo rahisi. Alizungusha magurudumu, akayaona yanakwenda sawa. Alivuta mnyororo, akaitikisa ekseli, akakaza boliti za injini ambazo hazikuwa zimelegea. Pikipiki ilikuwa ya safari ndefu, pana, yenye silinda mbili zilizokaa bega kwa bega, na kiti cha nyuma kizuri kuliko makochi ya watu wengi.

"Hizi mbili," alisema akizigonga kwa ukucha, "zikivuta pamoja, safari tamu. Moja ikizembea, mwenzake anabeba mzigo wote, na wewe huko juu ndiye unayetikiswa."

Alinyunyiza maji kwenye bomba la moshi la kwanza, yakalia chaaa. Akanyunyiza la pili, nalo likalia vilevile. Silinda zote mbili zilikuwa moto. Akachomoa plagi, akazitazama kwenye mwanga, akazirudisha, akaiwasha injini. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye kabureta na mpini sikioni, akasikiliza upande huu na upande ule.

"Injini yako nzima kuliko mimi," alisema, akaizima.

Maji kwenye bakuli yaliendelea kutikisika.

Spana alifuta mikono kwa kitambaa, bila haraka. Kisha akalihamisha bakuli kutoka kwenye tangi, akaliweka kwenye kiti cha nyuma. Hapo maji yalitetemeka mpaka nusu yakamwagika, na nusu iliyobaki ikaganda barafu. Lilikuwa jua la mchana, gereji imeezekwa mabati, na wote wawili walikuwa wanatokwa jasho. Aliigonga barafu kwa spana kuona kama imeshika, na ilikuwa imeshika.

"Nani anakaa hapa?"

"Hakuna mtu."

"Nani alikuwa anakaa?"

"Mdogo wangu. Tulimzika mwaka jana."

"Kumbe hajashuka," Spana alisema. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye kiti, akasikiliza, akampa fundi saa mpini. "Meno hayo yanagongana. Sikiliza."

Fundi saa alisikiliza. Aliyajua yale meno. Walilala kitanda kimoja utotoni, shuka moja, na kila msimu wa baridi alikuwa akimpiga mdogo wake kiwiko ili anyamaze.

"Nilishaletewa moja," Spana alisema, "ilikuwa inalia machozi kila ikipita mbele ya soko. Tukabadilisha njia. Hii yako ni nyepesi. Abiria anaona baridi, mvike kitu."

Hakuuliza zaidi, maana hakuwa mtu wa kuchimba ya watu. Laiti angeuliza, kulikuwa na ya kuambiwa. Ndugu hao wawili walikuwa wakirudi kutoka safari, wakavuka mlima kwenye mvua, na koti lilikuwa moja. Kule juu kabisa mdogo mtu aliliomba. Kaka mtu alimjibu kwamba anayekata upepo ni dereva, wa nyuma ana mgongo wa kujikinga. Walipoanza kushuka alisikia mtetemo mgongoni, mkali, usiokoma. Aligeuza kichwa akasema, "Injini za aina hii zinatetemeka." Karibu na nyumbani mtetemo ulikoma, naye akafurahi kwamba injini imepata moto.

Msibani mama yao aliuliza ilikuwaje. Alimwambia kwamba alimpa mdogo wake koti akalikataa. Mama aliamini, na tangu siku ile hakupita mbele ya picha ya marehemu ukutani bila kumgombeza kwa kichwa chake kigumu.

Fundi saa alivua koti, akaliweka kwenye kiti cha nyuma. Koti lilijiinua. Mkono mmoja ulijaa, kisha wa pili, mabega yakanyooka, na ukosi ukapandishwa kama mdogo mtu alivyopenda kuupandisha. Barafu kwenye bakuli iliyeyuka. Maji yakatulia, yakawa kimya kama kioo.

Na vidole vya fundi saa vikarudi. Aliokota boliti mezani, akausikia uzi wake wote, mstari kwa mstari, hata pale palipolika. Alisikia vumbi na grisi. Angeweza kufungua saa yoyote duniani. Alisikia vizuri hata akataka kulia, na ilikuwa muda mrefu hajataka kitu.

"Safi," Spana alisema. "Nenda naye hivyohivyo nyumbani."

Fundi saa aliishika ile boliti. "Kwani linaonekana, likivaliwa hivi?"

"Koti si upepo, fundi. Linaonekana na kila mtu."

Alifikiria dirisha la nyumbani, ambapo mama yake hukaa jioni. Angemwona anaingia na koti limekaa nyuma yake, limefungwa zipu mpaka shingoni. Mama hakuwa mtu wa kushtuka. Angeuliza tu, kwa sauti yake ya kawaida: kumbe analitaka?

Aliirudisha boliti mezani. Akalifungua koti zipu, akalivua mkono mmoja, akalivua wa pili. Mdogo wake hakubisha. Hakuwa mbishi tangu azaliwe. Fundi saa alilivaa, lilikuwa na ubaridi ndani, na maji kwenye bakuli yakaanza upya.

"Nifungie raba," alisema. "Nene. Kwenye usukani na pa kukanyagia."

"Yeye raba haitamsaidia."

"Najua."

Spana alimtazama, kisha akaenda kutafuta raba. Alizifunga vizuri, kwa sababu hakujua kufunga vibaya, akaongeza vyuma vizito kwenye ncha za usukani. "Hutasikia kitu," alisema.

"Ndiyo, sitaki kusikia kitu."

Na kweli, njia nzima hakusikia kitu. Mikono ilikuwa juu ya usukani kama vitu vilivyosahauliwa pale na mtu mwingine. Alifika nyumbani mama yake akianua nguo, akaiegesha pikipiki chini ya dirisha.

"Fundi amesema nini?"

"Ameweka raba."

"Mbona naona bado inatetemeka?"

"Injini za aina hii zinatetemeka, mama."

"Basi izime, mwanangu, inanipa kizunguzungu."

"Nimeshaizima."

Mama aliitazama pikipiki kwa muda, nguo zikiwa begani. "Mdogo wako ndiye aliyekuwa anaielewa," alisema. "Ila kichwa kigumu. Mtu anapewa koti, anakataa."

"Ndiyo, mama," alisema fundi saa.

Aliingia ndani akalitundika koti msumarini, akikisia kwa macho msumari ulipo. Vikombe vilikuwa vinagongana kabatini. Mama aliweka nguo kitini, akafungua kabati, akavitenganisha kimoja kimoja, akaweka kitambaa katikati.