Dakika Mbili Tu, Lynette

Katika ukoo wetu, mwenye neno na marehemu hulisema kabla jeneza halijafungwa. Likishafungwa, basi, utabaki nalo mwenyewe. Lynette alikuwa na neno lake, na mimi ndiye niliyeahidi kulifikisha.

Lynette ni dada yangu, kifungua mimba wa Baba Mdogo Shitanda. Alikwenda Doha miaka mitatu iliyopita bila ridhaa ya mzee, na tangu siku hiyo hawakusemezana tena. Mzee alipofariki, mwajiri wa Lynette huko Doha alimnyima ruhusa ya kuja. Alinipigia akilia.

"Kaka Osundwa, nataka nimwone uso, nimwombe msamaha. Hata kama hatanijibu."

"Hiyo niachie mimi," nikamwambia.

Mimi hufundisha kompyuta Lurambi, na kila anayenijua anaujua ugonjwa wangu: natumia Linux, mfumo huria, na nawacheka wasioutumia. Rafiki yangu Tariq, anayepiga video za harusi huko Mumias, alikubali kuja na kamera yake. Tungeiunganisha na kompyuta yangu kwa kisanduku kidogo nilichonunua mtumba. Kisanduku hicho kina draiva yake, yaani programu inayokifanya kielewane na kompyuta, na draiva hiyo lazima uijenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake. Nilikuwa nimeijenga wiki hiyo hiyo na ikafanya kazi vizuri. Ningeiacha hivyo, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini asubuhi ya mazishi, kabla hata sijapiga shati pasi, nilisasisha mfumo mzima. Sikutaka kwenda Shianda, nyumbani kwa mzee, na mashine chafu. Kiini cha mfumo kikabadilika, draiva ikabaki ya kiini cha zamani, na mimi, mwalimu mzima, sikujaribu hata mara moja kuona kama bado inafanya kazi. Niligundua nikiwa chini ya hema, spika zimeshawekwa, Lynette anangoja huko aliko mbele ya skrini nyeusi, bila picha wala sauti.

"Imekataa?" Tariq akauliza.

"Dakika mbili tu. Naijenga upya."

Ikagoma kwenye mstari wa mia nne na kitu. Kulikuwa na jina lililobadilishwa katika kiini kipya. Nikalirekebisha, kosa lingine likatokea. Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: nilianza kufurahia. Mwili wa mzee uko hatua kumi kutoka nilipoketi, watu wanapita kumtazama, na mimi nafurahia kuwinda makosa.

"Wallahi, Osundwa, hiyo mashine yako inasumbuanga sana," Tariq akasema. "Mpigie tu video kwa simu. Nitamshikia hapo kwa jeneza."

"Simu ni ya kupiga picha za chakula. Huyu ni baba. Ngoja."

Mchungaji akatazama saa. Mama Muhonja, mjane mwenyewe, akainuka kitini, akaja akaniinamia.

"Mwanangu, Lynette amemuona?"

"Karibu, Mama. Dakika mbili."

Akarudi akawaomba wasubiri. Wakasubiri, kwa ajili yangu. Wakaimba wimbo mmoja, wakaimba na mwingine. Simu yangu ilikuwa ikitetemeka mfukoni na kunivuruga mawazo. Niliitoa bila kutazama nani anapiga, nikaifunga sauti na mtetemo, nikailaza kifudifudi kando ya kompyuta. Nyimbo zilipokwisha, mchungaji akaashiria kwa kichwa, na wanaume wakafunga jeneza. Nilisikia wakilifunga. Sikuinua macho, kwa sababu kosa lililobaki lilikuwa moja tu.

Draiva ilikubali. Picha ikaja safi ajabu, rangi zote mahali pake, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ilionyesha wanaume wanne wakisawazisha kaburi kwa majembe.

"Lynette, unaona?" nikauliza kwenye maikrofoni.

"Naona mchanga, kaka."

"Pole. Pole sana, dada."

"Ni sawa. Asante kwa kujaribu."

Nilitamani anitukane. Angenitukana mbele ya Shianda yote, kwenye zile spika, ningeshukuru. Alikata, na watu wakaanza kuelekea kwenye chakula. Tariq akakunja nyaya zake.

Ndipo nikaigeuza simu. Lynette alikuwa amenipigia mara tisa, zote kwa video. Ya mwisho ilikuwa ya saa nane na dakika kumi, wakati wa ule wimbo wa pili. Chini yake kulikuwa na ujumbe: "Kaka achana na kompyuta. Nishikie tu simu hapo, nimuone kidogo."

Saa hiyo jeneza lilikuwa bado wazi.