Doa Jekundu kwenye Kioo cha Rubani

Niliota usiku wa jana kwamba kazi yangu ni kufuta vumbi ndani ya ndege, na ndege yenyewe iko angani. Nilikuwa nimechoka hata kabla ya kuanza.

Mbele ya rubani, Kapteni Mashimba, kuna kioo kinachoonyesha hewa iliyoko mbele. Kijani, pita. Njano, punguza mwendo. Nyekundu, hewa imevurugika, zunguka. Mimi naona doa jekundu. Nalifuta kwa kitambaa kibichi. Linatoka vizuri.

"Dada," kioo kinasema, "ule haukuwa uchafu."

"Samahani."

"Wote mnasema samahani."

Kapteni anatazama, anaona kijani kitupu, ananyoosha ndege moja kwa moja. Nataka kumwambia. Badala yake nakunja kitambaa.

Mlango unagongwa kutoka nje. Inaingia hewa mbaya yenyewe, pana, ikihema kama mtu aliyepanda ngazi na mizigo.

"Hodi. Nimefutwa kwenye kioo. Sasa nikae wapi?"

"Karibu," nasema, kwa kuwa ni mgeni.

Ndege inakuwa sebule yetu ya Igoma. Viti ni vilevile vya abiria, na kwenye kimoja amekaa mama yangu. Hajafunga mkanda.

"Mama, funga mkanda."

"Utanikunjia dera. Nimelipiga pasi mwenyewe."

"Nitakaa pale kwa mama," inasema hewa. "Ila nikikaa, watu huruka mpaka darini. Shingo nyingine huvunjika." Haitishi. Inaeleza tu.

Kioo kinaniambia nirudishe doa, hewa ipate pa kwenda. Nachovya kidole kwenye sosi ya nyanya ya chakula cha abiria, nachora.

"Mimi mnene kuliko hapo," inasema hewa. "Ongeza kushoto. Usinionee haya."

Naongeza. Hewa inanyanyuka taratibu, inaelekea mlangoni.

"Linanukia nyanya," anasema Kapteni, anakata kona.

"Na mkia wangu je?" hewa inauliza.

Sosi imekwisha. Mkia haumo kwenye kioo. Bado uko sebuleni, unaburuzika kuelekea kiti cha mama.

Hapo napiga kelele, mimi ambaye hata dukani huonyesha ninachotaka kwa kidole tu.

"Mama! Mkanda!"

"Unanifokea mimi, Nyamizi?"

Lakini anaufunga, kwa hasira, na kuukaza. Mkia unapita. Ndege inaporomoka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani.

Naamka. Kumekucha. Mama amesimama mlangoni kwangu, ameshika tumbo, anauliza mafuta ya kuchulia yako wapi. Anafunua kanga kidogo nione. Kuna alama iliyobonyea, upana wa vidole vitatu, kutoka nyonga hadi nyonga.

"Sijui nimelalia nini," anasema.

Nampa mafuta. Anageuka kuondoka, halafu anasimama.

"Na siku nyingine uniambie kwa adabu."